Somo: Namna ya Kuendeleza Mifarishi Mingi Iliyoachwa Nusu

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wanachama wanaoshona nyumbani mifarishi, yaani matandiko ya tabaka tatu (uso wa vipande vilivyoungwa, tabaka la kati la kujazia, na mgongo), kwa mabaki ya vitenge, kanga na shuka, na ambao kabatini mwao imo mitatu, minne au zaidi iliyoanzwa kwa ari na kusimama njiani. Wengi hudhani kwamba dawa yake ni kuchagua mmoja na kuushona mpaka uishe, kisha kuuendea wa pili. Njia hiyo inafaa kwa mwenye mifarishi miwili. Aliye na mingi atanufaika zaidi akiacha kuitazama mfarishi mmoja mmoja na kuanza kuitazama kwa hatua ya kazi iliyobaki, kwa sababu mifarishi ya nyumba moja aghalabu hukwama mahali pamoja, na ukipatengeneza mahali hapo mingi husogea kwa pamoja.

Hatua ya kwanza: kuitoa yote na kuiandikia

Toa kila kitu mahali pamoja, pamoja na vipande vilivyokatwa lakini havijaungwa. Kila mfarishi uupe kikaratasi chake chenye mambo manne: ukubwa unaokusudiwa, hatua uliyofikia, kitu kinachokosekana, na kazi inayofuata. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Usiandike "kumalizia uso", kwa maana hiyo ni kazi ya wiki kadhaa na mtu akiisoma jioni akiwa amechoka huirudisha kabatini. Andika kazi inayoweza kuishia katika kikao kimoja, kama "kuunga safu ya nne na ya tano" au "kukata tepe za ukingo". Kila unapoinuka, andika upya kazi inayofuata kabla hujakunja kitambaa, wakati bado unakumbuka ulikuwa unafanya nini.

Hatua ya pili: kukagua kilichoharibika

Chomoa kwanza pini zote. Kwa sisi wa pwani hewa yenye unyevu na chumvi huzipatisha kutu upesi, na doa la kutu halitoki kwa sabuni ya kawaida. Kwenye kitambaa cheupe cha pamba unaweza kulipaka maji ya ndimu na chumvi, ukaanika juani na kusuuza vizuri, lakini usifanye hivyo kwenye kitambaa cha rangi kwani ndimu huichujua. Tazama pia kama mende wamekula wanga wa vitenge ambavyo havijafuliwa, na kama kuna madoa ya ukungu katika vile vilivyofungwa ndani ya mifuko ya nailoni. Mfarishi unaosubiri uhifadhiwe katika foronya au mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa.

Pima vilevile vipande vilivyokwisha kuungwa, hasa kama vilishonwa kwa cherehani nyingine. Tuchukue mfano wa kipande cha miraba tisa, kila mraba ukiwa umekatwa inchi 3½ na mshono ukichukua robo inchi kila upande. Kikishaungwa, kipande hicho kinapaswa kuwa inchi 9½. Ukikuta vya zamani vina inchi 9¼, maana yake ni kwamba kila mshono ulizidi kwa kiasi kidogo sana, yaani sehemu moja ya kumi na sita ya inchi kila upande wa mshono, na kwa mishono miwili ya kipande hicho hilo peke yake limekula robo inchi nzima. Katika hali hiyo usifumue vya zamani ikiwa vyote vinalingana. Shona vipya kwa upana uleule wa vya zamani, na uso utakaa sawa.

Hatua ya tatu: kupanga kwa hatua, si kwa umri

Sasa panga mafungu: inayongoja kukatwa, inayongoja kuungwa vipande, inayongoja kupangwa tabaka, inayongoja mishono ya kushika tabaka, na inayongoja ukingo. Anza na fungu la ukingo hata kama ndani yake umo mfarishi ulioupenda kidogo kuliko yote. Ukingo wa mfarishi mmoja ni kazi ya vikao vichache, na ukimalizika unakurudishia kapu, pini na nafasi.

Utakapotazama mafungu hayo, huenda ukakuta kwamba fungu kubwa ni lile la katikati: nyuso zimekamilika, zimepigwa pasi, zimekunjwa, lakini hazina pamba wala mgongo. Sababu inaeleweka. Kuunga vipande ni kazi ya mezani, inayofanywa kidogo kidogo huku sufuria iko jikoni. Kupanga tabaka kunataka sakafu nzima iliyo safi, kitambaa kikubwa cha mgongo ambacho hakijanunuliwa, na kuinama kwa muda mrefu. Kwa hiyo tutakaa katika hatua hiyo kuliko nyingine.

Hatua ya nne: siku ya kupanga tabaka

Usiingoje siku hiyo ijitokeze yenyewe. Ipange pamoja na mwenzio, jirani au dada, mtandaze nyuso zote zilizo tayari kwa siku moja, kwani kuhamisha makochi kwa ajili ya mfarishi mmoja na kuyahamisha kwa ajili ya mitatu ni taabu ileile.

Kabla ya siku hiyo nunua migongo yote kwa pamoja, ukiwa na hesabu mkononi. Kwa kitanda cha futi 4 kwa 6, godoro lina upana wa inchi 48 na urefu wa inchi 72. Tukitaka mfarishi uning'inie inchi 10 ubavuni kila upande na miguuni, uso utakuwa inchi 68 kwa 82. Mgongo lazima uzidi uso kwa inchi 4 kila upande, maana kitambaa huvutwa na mishono, kwa hiyo unahitaji inchi 76 kwa 90. Kitenge chenye upana wa inchi 44 hakitoshi kikiwa kimoja, lakini vipande viwili vya yadi mbili na nusu vikiungwa ubavu kwa ubavu vinatoa upana wa kutosha na ziada. Hizo ni yadi 5. Katika kitenge cha yadi 6 hubaki yadi moja, na humo utapata tepe nane za upana wa inchi 2½ zinazotosha kuuzungusha mfarishi wote, ambao mzunguko wake ni inchi 300. Kitenge kimoja, basi, kinatoa mgongo na ukingo. Kifue kwanza ili kitoke wanga na kinywee kabla hujakikata.

Siku yenyewe, tandaza mgongo sakafuni, upande mzuri ukitazama chini, uunyooshe na kuubandika kingo zake kwa utepe wa gundi wa karatasi, kama ule wa wapaka rangi. Uwe umenyooka bila kuvutwa. Mgongo uliovutwa kama ngozi ya ngoma hurudi ukiachiwa, na uso wote unajikunja. Juu yake tandaza tabaka la kati, ukilifuta kwa viganja kutoka katikati kwenda nje, kisha uso, upande mzuri ukitazama juu. Linganisha mistari ya uso na kingo za mgongo, kwa maana mfarishi uliopinda hapa hautanyooshwa baadaye na chochote.

Kisha piga bandi, yaani mishono ya muda ya kuzuia tabaka zisihame. Kwa mkono, tumia uzi wa rangi tofauti na kitambaa, mishono mirefu, uanzie katikati na kutoka nje kwa mistari inayoachana kiasi cha upana wa kiganja, yaani inchi 4 hivi. Anayependelea pini atumie zile zenye kifuniko, za kufungia nepi, kwa umbali uleule, na aepuke kuzitia pale cherehani itakapopita. Kwa pwani napendelea bandi ya uzi, kwa sababu mfarishi uliopigwa bandi unaweza kungoja miezi bila kupata kutu, na ukikunjwa haupotezi mpango wake. Hapo ndipo fungu kubwa linapokuwa limehama, na mifarishi mitatu inakuwa tayari kwa kazi inayoweza kufanyika ukiwa umekaa.

Hatua ya tano: kugawa kazi ya cherehani na ya mkono

Kusanya mishono ya cherehani kwa rangi ya uzi. Ukiwa umetia uzi mweupe, shona yote inayohitaji mweupe katika mifarishi yote kabla ya kubadilisha. Kwa mishono ya kushika tabaka refusha hatua ya mshono kidogo na utie sindano nene zaidi, namba 90, badala ya 80 ya kuungia vipande. Mfarishi mmoja uutenge kuwa wa mkono, ukae kapuni pamoja na uzi, mkasi mdogo na kastabini, ili uende nao kwenye baraza au uushone umeme unapokatika. Mwenye cherehani ya miguu ana nafuu yake hapo.

Hatua ya sita: kupunguza

Upo mfarishi ambao hautaisha kwa ukubwa uliokusudiwa, labda kwa kuwa kanga ya muundo ule haipatikani tena madukani. Funga ukubwa pale ulipofikia. Vipande kumi na viwili vya inchi 9 vikishashonwa, vitatu kwa vinne, vinatoa inchi 27 kwa 36, na hicho ni kifuniko kizuri cha mtoto mchanga. Vinne vinatoa foronya ya mto wa kochi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tanga: Shikamoo mwalimu. Huku kwetu ni joto, na mifarishi yangu miwili imesimama kwa sababu kila mtu ananiambia pamba ya kujazia itatuunguza. Je, niache bila tabaka la kati?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Sikushauri uache bila kitu. Tia shuka kuukuu la pamba, lililofuliwa mara nyingi hata likalainika. Linafyonza jasho, halina uzito, na sindano hulipenya kwa urahisi. Pamba ya sufi sikushauri, kwani nyuzi zake ni fupi na zinateleza, na baada ya kufuliwa hujikusanya mabonge.

Mwanachama wa Mombasa: Uso wangu una leso nyekundu na nyeupe zilizokwisha kuungwa, lakini sikuzifua kabla ya kukata. Nimeogopa kuendelea.

Jibu: Chukua kitambaa cheupe, ukiloweshe maji, ukiminye juu ya wekundu kisha ukitazame. Kikibaki cheupe, endelea. Kikipata rangi, usiufue uso huu peke yake, kwa sababu kingo za mishono zitafumuka nyuzi. Umalizie mfarishi mpaka ukingo, kisha ufue kwa maji mengi sana katika beseni kubwa, ukiyamwaga na kuyabadilisha kila yanapogeuka rangi. Usiuache umekunjwa ukiwa mbichi hata kwa muda mfupi, maana rangi nyekundu hupata nafasi ya kuhamia kwenye nyeupe pale zinapogusana zikiwa na maji. Uanike umetandazwa, kivulini.

Mwanachama wa Maskati: Nikishona kwa cherehani, upande wa mgongo unafanya mikunjo ingawa uso ni mzuri. Nimefumua hata kitambaa kimeanza kuchoka.

Jibu: Acha kufumua kwanza, dada, mpaka utafute chanzo. Kama bandi zako zinaachana zaidi ya kiganja, ongeza nyingine katikati. Kama zinatosha, anza mshono katikati ya mfarishi na uelekee nje, usianzie pembeni. Punguza pia mkandamizo wa mguu wa cherehani ikiwa mashine yako ina kirekebisho hicho, kwa kuwa mguu unaokandamiza sana hufanya tabaka la juu na la chini zisiende pamoja. Uzito wote wa mfarishi uukalishe juu ya meza, usining'inie, kwani unaoning'inia huvuta.

Mwanachama wa Dodoma: Marehemu mama yangu aliacha mfarishi wa mkono, nusu ukiwa umeshonwa mishono midogo sana. Mikono yangu si kama yake. Nifumue nishone wote upya ili ulingane?

Jibu: Pole sana, na Mungu amrehemu. Usifumue hata mshono mmoja wa mama. Anza pale alipoachia, kwa uzi unaokaribiana na wake, kwa ukubwa wa mshono ambao mkono wako unaweza kuufanya kwa ulinganifu. Mishono mikubwa inayolingana hukaa vizuri kuliko midogo ya kulazimisha. Kabla ya hapo kagua bandi zake, kwa sababu uzi wa bandi uliokaa miaka mingi hukatika, na tabaka zinaweza kuwa zimehama. Piga mpya pale penye shaka, bila kutoa za zamani mpaka utakapofika hapo. Ukimaliza, shona kwenye pembe ya mgongo kitambaa kidogo chenye jina lake, jina lako na mwaka.

Mwanachama wa Kisumu: Je, niruhusiwe kuanza mfarishi mpya wakati mingine haijaisha?

Jibu: Ruhusa unayo, lakini tazama mafungu yako kwanza. Ikiwa fungu la kupangwa tabaka lina mitatu au zaidi, uso mpya utaongeza msongamano palepale. Katika kipindi hicho kata vipande tu na uvifunge pamoja na kikaratasi chake, kisha uje kuviunga siku nyuso zile zitakapokuwa zimetoka sakafuni.