Kabla ya kuhesabu ndege za kivita, tafuta rada iko wapi

Kijiweni kwetu ubishi wa vita huanza na idadi: huyu ana F-16 ngapi, yule MiG ngapi. Mimi nauliza kwanza, nani ana rada angani?

Chukua kikokotoo. Tafuta kipeuo cha pili cha kimo cha rada kwa mita, zidisha kwa 4.12. Fanya hivyo pia kwa kimo cha ndege inayokuja, kisha jumlisha. Jibu ni kilomita ambazo mviringo wa dunia unakuruhusu kuona. Antena ya mita 25 itaiona ndege inayoruka mita 100 ikiwa imebakiza kilomita 62 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, una dakika nne. Ipandishe rada kwa ndege hadi mita 9,000: kilomita 432, karibu nusu saa. (Milima huvuruga hesabu hii.)

Halafu angalia rubani anaongozwa na nani. Juni 1982, Bonde la Bekaa nchini Lebanon, E-2C za Israel, ndege zinazobeba rada kubwa, ziliziona ndege za Syria zikipaa, zikazielekeza F-15 na F-16 za Israel pa kuvizia. Rubani wa namna hiyo huchelewa kuwasha rada yake, maana rada ni kama tochi gizani, humfichua aliyeishika. Wasyria waliongozwa kutoka ardhini, na redio zao zilivurugwa.

Mwisho, fuatilia ndege ya rada inakaa umbali gani. Januari 2024 Ukraine ilitangaza kuitungua A-50, ndege ya rada ya Urusi, eneo la Bahari ya Azov. Ukisikia mwenye nayo ameirudisha nyuma, piga hesabu upya: kwa ndege yetu ya mfano, kila kilomita 15 ni dakika moja aliyopoteza.