Injini ya dizeli ya kisasa iliyotumika: soma kinachotoka kabla hujaweka kipya

Gari la dizeli lililotumika linapofika kwangu Arusha kwa mara ya kwanza, mwenye gari kwa kawaida ameshanunua oili na filta mpya, na anachotaka ni vya zamani vimwagwe na kutupwa upesi ili akaendelee na safari zake. Mimi humwomba asubiri. Oili ya zamani, filta ya zamani na maji yaliyotuama chini ya filta ya dizeli ndiyo historia pekee ya injini hiyo ambayo dalali hakuweza kuipaka rangi. Namba ya kilomita kwenye dashibodi inaweza kurudishwa nyuma, lakini chembe ya chuma iliyonasa kwenye karatasi ya filta hairudi ilikotoka.

Mwongozo huu unahusu injini za komoni reli, yaani zile ambazo pampu moja husukuma dizeli kwenye bomba la pamoja kwa presha kubwa, na kompyuta ndiyo inayoamua kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Nyingi za Prado, Hilux na Hiace za dizeli zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 2000 ziko hivyo. Kanuni nilizorithi kwa mafundi wazee waliofanya kazi na pampu za zamani bado zina faida, ila moja inaua, na nitaitaja mahali pake.

Hatua ya kwanza: ikute injini ikiwa baridi

Acha gari lilale kwako usiku mmoja, mahali tambarare. Asubuhi, kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kisha ukichomoe tena na usome. Oili iliyopungua inaeleweka. Iliyopanda juu ya alama ya mwisho ndiyo ya kutisha zaidi, kwa sababu hakuna injini inayozaa oili: ama imejazwa kupita kiasi, ama dizeli au maji yameingia ndani. Inuse, dizeli haijifichi.

Kisha washa. Asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu ni kipimo kizuri, kwani hita plagi (plagi za kupasha joto silinda) zilizokufa na silinda zilizochoka zote hujitaja kwa kuwaka kwa shida na kutoa moshi mweupe. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi unaotoka gari likivuta maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa, na mara nyingi kosa liko upande wa hewa. Injini ikishatulia, fungua mfuniko wa kujazia oili na uweke kiganja juu ya tundu: pumzi nyepesi ni ya kawaida, lakini moshi unaosukumwa kwa nguvu na kwa mapigo unaonyesha kwamba gesi ya mlipuko inapita mahali isipopaswa.

Mwisho wa hatua hii, unganisha mashine ya kupimia na uandike namba zote za hitilafu kabla ya mtu yeyote kugusa terminali za betri. Fundi anayeanza kwa kuzifuta amekuchomea ushahidi.

Hatua ya pili: mwaga oili na uisome

Pasha injini kidogo, mwaga oili kwenye karai safi, na usishtushwe na weusi wake, kwa kuwa oili ya dizeli huwa nyeusi ndani ya siku chache kwa sababu ya masizi. Unachotafuta ni vitu vitatu: rangi ya maziwa, ambayo ni maji, wepesi na harufu ya dizeli, na mng'ao wa chembe za chuma unaocheza juani unapoitikisa karai.

Sasa chukua filta. Kama ni ya kopo, likate kwa kifaa cha kukatia bati wala si kwa msumeno, kwa maana msumeno humwaga unga wake wa chuma humohumo na utasoma uongo. Toa karatasi, ikunjue mkunjo kwa mkunjo, ikamue, uitandaze juani. Pitisha sumaku. Chembe zinazodakwa ni chuma cha gia, pete au shafti. Zisizodakwa lakini zinang'aa, za kijivu laini au za rangi ya shaba, mara nyingi hutoka kwenye beringi za krenki, na hapo usiongeze hata kilomita kumi kabla ya kupima presha ya oili kwa geji.

Kuna kitu cha tatu ambacho wengi hukitazama bila kukiona: vipande vyeusi vigumu, kama mkaa uliosagwa vibaya, vinavyokwaruza ukivisugua kati ya vidole. Hivyo ni oili iliyopikwa. Chini ya kila nozeli kuna washa nyembamba ya shaba inayozuia gesi ya mlipuko isipande juu. Ikishindwa, gesi huvuja hadi chini ya kava ya vali, huichoma oili pale, na makapi yake hushuka kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) na kuziba chujio la pampu ya oili. Taa ya oili huwaka mwisho kabisa, beringi zikiwa tayari zimekauka. Ukiviona vipande hivyo, kubadilisha oili peke yake ni kujidanganya: toa nozeli, safisha makalio yake, weka washa mpya (ya zamani haitumiki tena, hata ikionekana nzima), kisha fungua sampu na uoshe chujio. Ni kazi ya siku nzima, nayo ni nafuu mno kuliko injini iliyonoki.

Kuhusu oili mpya, soma kitabu cha gari kabla ya kusikiliza duka. Injini yenye DPF, yaani chujio la masizi kwenye bomba la moshi, inahitaji oili yenye majivu kidogo, kama iliyoandikwa kiwango cha ACEA C3, au JASO DL-1 kwa magari mengi madogo ya Japani, kwa sababu majivu ya oili yakishaingia kwenye DPF hayaungui. Kwa gari linalokwenda Longido, Simanjiro au njia ya Ziwa Natron, mimi hubadilisha kila kilomita 5,000 bila kujali kopo limeahidi nini. Oili chafu irudishe kwenye dumu uipeleke kwa wanaoikusanya; ya kumwaga mtaroni itakutangulia Mto Themi.

Hatua ya tatu: dizeli

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Presha ndani ya reli hufika baa 1,600 na kuendelea, na matundu ya nozeli yana upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Pampu na nozeli zinalainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo tone la maji ni kutu, na mafuta ya taa yaliyochanganywa ni chuma kusuguana na chuma. Uchanganyaji huo ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, ilianza kuweka vinasaba (alama ya siri ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010. Nchi za Afrika Mashariki pia zilishusha salfa ya dizeli hadi 50 kwa kila milioni mwaka 2015, hatua njema, ingawa gari lililotoka Japani lilizoea 10.

Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Legeza kizibo cha chini ya filta ya dizeli, kinga karibu robo lita, kisha iache chupa itulie dakika kumi juu ya meza. Maji hushuka chini na kujitenga kwa mstari ulionyooka, kama mafuta na supu. Uchafu wa tangi hulala chini yake kama majani ya chai. Chupa safi inakuambia ubadilishe filta na uendelee. Chupa yenye maji ya kina cha kidole inakuambia tangi lishushwe lioshwe, la sivyo filta mpya itajaa baada ya wiki mbili.

Unapofunga filta mpya, usiijaze dizeli kutoka kwenye dumu. Nilifanya hivyo miaka ya mwanzo, nikijiona mwerevu kwa kuepuka kupampu kwa mkono, na nikamlipa mteja nozeli moja kutoka mfukoni mwangu: dizeli niliyoimimina iliingia upande uliokwisha chujwa, na taka yake ikaenda moja kwa moja mbele. Funga filta ikiwa kavu, kisha pampu kwa mkono hadi pampu iwe ngumu. Mimi hubadilisha kila kilomita 10,000, na kuchungulia maji kila mwezi wakati wa masika.

Sasa ile kanuni inayoua. Zamani fundi alitafuta silinda mbovu kwa kulegeza nati za bomba za nozeli moja moja huku injini ikiunguruma. Kwenye komoni reli usithubutu. Mchirizi wa dizeli kwa presha hiyo hupenya ngozi bila hata kuuma sana, na mkono unaweza kukatwa kwa jeraha lililoonekana kama la sindano. Badala yake, kwenye injini zenye mirija midogo ya kurudisha mafuta juu ya nozeli, unganisha kila nozeli na kichupa chake, vyote vya ukubwa mmoja, uwashe injini kwa dakika chache na ulinganishe. Nozeli iliyojaza kichupa wakati wenzake wamefika theluthi ndiyo iliyochoka. Kwenye injini ambazo mirija hiyo imefichwa ndani, soma marekebisho ya kila silinda kwenye mashine. Na ukiweka nozeli mpya, injini nyingi hudai namba iliyoandikwa juu yake iingizwe kwenye kompyuta.

Hatua ya nne: hewa na vumbi

Toa filta ya hewa, kisha pitisha kidole ndani ya mpira unaokwenda kwenye tabo (feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa kwenye injini), upande uliokwisha chujwa. Kidole kikitoka na vumbi, filta haikukaa sawa au mpira umepasuka, na vumbi la volkano la njia ya Engaruka linasaga silinda kama msasa. Filta ya karatasi haipigwi kwenye tairi. Ikibidi kupulizwa, pulizia kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo, na mara ya pili nunua mpya.

Tengeneza pia mazoea kwa ajili ya tabo, ambayo shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya oili tu. Ukitoka kupanda Machame na mzigo, acha injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima.

Hatua ya tano: maji ya rejeta

Arusha mjini tuko mita kama 1,400 juu ya bahari, na maji matupu huchemka karibu nyuzi 95. Kinachokulinda ni presha ya mfuniko wa rejeta, hivyo mfuniko wenye mpira uliokakamaa ni mbovu hata kama haudondoshi tone. Maji ya bomba na visima vya huku yana madini mengi yanayoganda ndani ya rejeta. Changanya kulanti nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri, si yale makali yenye asidi.

Hatua ya sita: mkanda wa taimingi

Jua kwanza kama injini yako ina mkanda au cheni. Kwa injini ya 1KD ya Toyota ni mkanda, unaobadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000 kutegemea soko ambalo gari lilitengenezewa. Kama huna risiti, uhesabu kuwa haujabadilishwa, na ubadilishe pamoja na tenshena yake. Ukikatika, vali hugonga pistoni.

Hatua ya saba: EGR na DPF

EGR hurudisha moshi kiasi kwenye njia ya hewa, na masizi yake yakikutana na mvuke wa oili huwa lami. Ifungue na uisafishe ikiwa mezani. Dawa ya kupulizia injini ikiwa inawaka huweza kung'oa bonge na kulipeleka kwenye vali.

DPF hujisafisha kwa joto la karibu nyuzi 600, na halifikiwi na gari linaloishi mjini Arusha, kati ya Sakina na Kijenge. Mara moja kwa wiki mbili lipeleke Moshi, kama kilomita 80 za lami, likiwa na dizeli zaidi ya robo tangi. Ukizima katikati ya usafishaji mara kwa mara, dizeli ya ziada hushukia kwenye oili, na ndiyo maana nilikwambia uogope kijiti kilichopanda. Nikiulizwa kama DPF itolewe, huwa nauliza kwanza iliziba kwa nini, kwani nozeli inayovuja itaendelea kuvuja hata bila DPF.

Hatua ya nane: daftari

Andika tarehe, kilomita, aina ya oili, na ulichokiona kwenye filta na kwenye chupa. Karatasi ya filta iliyokunjuliwa ipige picha juu ya ukurasa huohuo wenye tarehe. Baada ya kilomita 5,000 kata filta inayofuata kwa njia ileile, uziweke picha mbili bega kwa bega: chembe zikiwa zimepungua, zilikuwa mabaki ya mwenye gari wa kwanza, zikiwa ni zilezile au zimeongezeka, ni za kwako, na sampu ifunguliwe kabla ya safari nyingine ya porini.