Kukarabati kitako cha mbao cha darubini: someni kabla ya kuuliza

Wiki hii watu watatu wameniuliza jambo lile lile: kitako kimekuwa kizito kuzungusha, kinakwama, kisha kinaruka. Naandika mara moja. Nazungumzia kitako cha kisanduku, muundo ulioenezwa na John Dobson wa San Francisco tangu miaka ya 1960. Changu ni cha plaiwudi, na hewa ya bahari hapa Tanga ilikuwa imekila.

1. Ondoa bomba la darubini, funika kioo.

2. Fungua bolti ya katikati.

3. Gonga mbao kwa kidole. Plaiwudi iliyoachana itie gundi, ilundikie matofali usiku kucha. Penye bungua, kata ubao mpya.

4. Msasa namba 120, halafu 220. Vanishi mara tatu, kingo mara tano, maana maji hupenyea kingoni.

5. Tefloni. Hapa soma taratibu. Kisanduku huzunguka juu ya vipande vitatu vya tefloni (plastiki yenye utelezi), vinavyoteleza kwenye fomika, ile karatasi ngumu ya plastiki iliyobandikwa chini ya kisanduku. Mara ya kwanza nilivifunga kwa skrubu bila kuzamisha vichwa. Tefloni ikabonyea, vichwa vikachomoza vikachora fomika duara zima, ikabidi niibandue yote. Zamisha vichwa milimita 2 au zaidi. Kisha nikafanya kosa baya kuliko hilo: grisi. Siku za mwanzo ilikuwa raha, baadaye ikashika vumbi, na kila nikisukuma kumfuata Mshtarii darubini inagoma, inaruka, sayari inapotea. USIPAKE GRISI WALA MAFUTA. Tena kila kipande kikae juu ya mguu mmoja wa ubao wa chini, la sivyo ubao huo utapinda.

6. Rudisha bolti. Kazi yake ni kuongoza mzunguko. Ukiibana sana, kitako kitakuwa kizito tena.

Swali: Mkuu, grisi ya baiskeli inafaa?
Jibu: Soma hatua ya 5.

Swali: Nimezungushia tefloni ya mafundi bomba, bado inakwama.
Jibu: Ile ni utepe. Nimesema vipande, tena vinavyoingia skrubu.

Swali: Shikamoo kaka. Kwa nini vitatu, si vinne?
Jibu: Marahaba dada, swali zuri. Fikiria mafiga: matatu hutulia hata chini pakiwa na mabonde, la nne huleta kucheza. Na ukubwa una maana: lenga takriban kilo 1 kwa kila sentimita mraba. Mzigo wangu ni kilo 20 hivi, kwa hiyo vipande vya sentimita 2.5 kwa 2.5 vimetosha. Fomika tafuta yenye vinundu, inateleza vizuri kuliko ile laini ya kung'aa.

Swali: Tefloni sijaipata huku kwetu.
Jibu: Kata kibao cheupe cha plastiki cha kukatia nyama. Hakitelezi kama tefloni, ila kinafanya kazi.

Swali: Nje ya mada: mnafunika na nini? Kioo changu kimeota ukungu.
Jibu: Kanga kavu ya pamba. Nailoni hufungia unyevu ndani. Ukimaliza kutazama Kilimia, acha umande ukauke kwanza ndipo ufunike.