Kuchora kikaragosi cha kuagizwa, kutoka meseji ya kwanza hadi fremu

Wachora vibonzo wengi hapa Dar es Salaam hawaishi kwa magazeti. Nafasi za gazetini ni chache, na aliyeipata haiachi upesi. Kinacholipa kodi ya nyumba ni vikaragosi vya kuagizwa, yaani picha za utani za watu halisi, sura zao zikiwa zimetiwa chumvi: zawadi ya kustaafu, send-off, bethidei ya mama, ofisi inayomuaga bosi. Nitaeleza ninavyoifanya kazi hiyo kwa mfano mmoja: mhasibu wa shule anastaafu, na walimu wenzake wanataka picha ya kumkabidhi siku ya kuagana.

Hatua ya 1: Maswali kwanza, bei baadaye

Meseji huja hivi: "Kaka habari, nataka katuni ya mzee wetu anastaafu mwezi ujao, bei gani?" Usitaje bei bado. Jibu: "Nzuri dada, hongereni. Nisaidie kwanza: atakuwa peke yake au na wengine? Mnataka ya karatasi au faili ya kuprinti? Sherehe ni tarehe ngapi?" Kisha uliza swali ambalo kazi nzima inalitegemea: "Kuna jambo gani la mzee ambalo mnalicheka naye akiwepo?"

Hayo maneno "naye akiwepo" usiyaache. Jambo ambalo watu wanalitaja mbele ya mwenyewe naye anacheka, hilo ni lako, lichore. Wanalonong'ona akishatoka ofisini litamuumiza, hata kama ndilo la kuchekesha zaidi. Kwa mhasibu wetu jibu lilikuwa safi: huweka kalamu nyuma ya sikio, halafu anazunguka ofisi akiuliza nani kachukua kalamu yake.

Hatua ya 2: Omba picha zinazofaa

Selfi haifai. Kamera ikiwa karibu na uso, pua inavimba na masikio yanarudi nyuma, kwa hiyo utatia chumvi kosa la kamera ukidhani ni sura ya mtu. Omba picha zilizopigwa kwa umbali wa hatua mbili au zaidi: moja ya mbele, moja ya ubavuni, moja akicheka. Video fupi anapoongea ina faida kuliko zote, maana inaonyesha mdomo unavyopinda na nyusi zinavyopanda. Kataa picha zilizolainishwa kwa filta.

Hatua ya 3: Bei na makubaliano

Hesabu saa zako kweli: kutafuta wazo, mchoro wa penseli, wino, rangi, marekebisho, kuchapa. Kila uso wa ziada una bei yake, kwa sababu kufananisha ndiyo kazi inayokula muda. Mimi napokea nusu kabla ya kushika penseli na nusu kabla ya kutuma faili kubwa.

Yaandike yote kwenye meseji moja na uombe mteja ajibu "nimekubali". Taja idadi ya nyuso, ukubwa, tarehe, idadi ya marekebisho, na matumizi. Matumizi yana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kwa mfano Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaihesabu kazi ya kuagizwa kuwa mali ya aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo mteja wa Nairobi au Mombasa mwandikie waziwazi: picha ni ya zawadi, ikitumika kwenye fulana, bango au tangazo, tunapatana bei nyingine. Kampuni nayo ikikukata kodi ya zuio, idai cheti chake, utakihitaji wakati wa kuwasilisha ritani ya kodi.

Hatua ya 4: Tafuta sura

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Kikaragosi hakipatikani kwa kukuza pua. Kinapatikana kwa kujua uso huu unaachana wapi na uso wa wastani, kisha kuuongeza mwachano huo.

Chora kwanza uso wa wastani kwa mistari myepesi: macho katikati ya urefu wa kichwa, na nafasi ya jicho moja kati ya jicho na jicho. Lakini vitabu vingi vya kujifunza kuchora vinaendelea kusema upana wa pua ni sawa na nafasi hiyo kati ya macho. Kipimo hicho kimetokana na nyuso za Ulaya. Ukikifuata, kila mtu wa Temeke atakuwa "ana pua kubwa" na kila mdomo "mnene", na utawachora wote kwa chapa ileile ya dharau tuliyokuwa tukipigwa na magazeti ya kikoloni. Wala hawatafanana na wenyewe. Jenga wastani wako kwa nyuso zinazokuzunguka. Kaa kwenye kituo cha daladala, chora watu wengi upesi upesi, na baada ya muda jicho lako litajua pua ya kawaida ya hapa ni ipi. Kuanzia hapo ndipo utaona nani ana pua kubwa kweli.

Sasa linganisha na picha za mhasibu. Andika pembeni unachokiona: paji refu, macho yamekaribiana, masikio yametoka, kidevu kifupi. Chagua mawili, yasizidi. Nilichagua paji na masikio. Ukikuza kitu, punguza jirani yake: paji likipanda, macho na kidevu vishuke na kubanana chini. Umbali kati ya macho, pua na mdomo ndio unaobeba sura. Ukiupata, mtu atatambulika hata kabla ya miwani. Tazama katuni za Gado, Mtanzania aliyeanza kuchorea magazeti ya Nation ya Kenya mwaka 1992: funika nywele na mavazi ya kiongozi aliyemchora, na bado utamjua.

Tengeneza vichwa vidogo vingi, ukubwa wa kiberiti, upesi. Chagua kimoja, mwonyeshe mtu anayemjua mhusika bila kumwambia ni nani. Akisitasita, rudi kwenye penseli.

Hatua ya 5: Utani uwe wa nani

Katuni ya gazeti inamhoji mkubwa kwa maamuzi yake, na ina haki ya kuwa kali. Zawadi ni jambo jingine: mwenye picha hakuomba kuchorwa na ataiona kila siku sebuleni. Kwa hiyo silichori gonjwa, kilema, uzito wala rangi ya ngozi. Utani wa makabila nao una wenyewe. Mzaramo na Msukuma wanataniana hata msibani na hakuna anayekasirika, lakini ukiuchapa na kuutundika mbele ya wasiohusika unageuka tusi.

Kwa mhasibu, wazo lilitoka kwa wenzake: sikio kubwa limebeba msitu wa kalamu, naye amepiga magoti akimulika chini ya meza kwa tochi. Kiputo cha maneno kinasema: "Kalamu yangu nani kaichukua?" Basi. Usiongeze kiputo cha pili kueleza cha kwanza.

Hatua ya 6: Wino na rangi

Mstari mnene nje ya umbo, mwembamba kwenye makunyanzi. Kwenye kompyuta Krita inatosha na ni ya bure. Kwenye simu, ibis Paint. Ngozi nyeusi usiitie kivuli kwa rangi nyeusi tupu, maana inakuwa jivu. Tumia kahawia inayoelekea wekundu au zambarau kwenye kivuli, na pale mwanga unapogonga paji na shavu weka ubuluu mwepesi au manjano. Ngozi itang'aa.

Hatua ya 7: Marekebisho, kuchapa, kukabidhi

Mwonyeshe mteja mchoro wa penseli kabla ya wino. Kubadilisha mkao baada ya rangi ni kazi mpya, na ilipiwe. Kwa A3, faili iwe na pikseli 3508 kwa 4961, yaani dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), kisha uongeze milimita 3 za kukatwa kila upande. Chapa kipande kidogo cha jaribio kwanza, kwa sababu rangi za kahawia hutoka nzito kuliko zinavyoonekana kwenye skrini. Ukiona uso umezama, pandisha mwanga kidogo ndipo uchape yote.

Peleka picha siku moja kabla ya sherehe, ikiwa imefungwa. Waombe walimu wampige mzee picha akiwa ameishika, na umwombe yeye mwenyewe ruhusa ya kuiweka kwenye ukurasa wako. Akikataa, weka mchoro wa mtu mwingine.