Somo: Kwa nini picha ya "300 DPI" inatoka na chenga

Wakuu, habari za kazi. Juzi mteja alileta picha ya marehemu baba yake, anataka A4 ya kuweka mbele ya jeneza. Kijana aliyemtengenezea alishaipandisha hadi 300 DPI (yaani nukta 300 kwa kila inchi), lakini ilipotoka kwenye printa uso ulikuwa na chenga, macho hata huyaoni vizuri. Iliniuma. Twende taratibu.

Hatua ya 1: Omba picha ya asili, kabla mtu hajaigusa, uangalie pikseli zake, yaani vidoti vya rangi vinavyoiunda. Kwenye Windows bonyeza kulia, Properties, kisha Details. Ile ilikuwa 720 kwa 1280.

Hatua ya 2: Gawanya kwa inchi za karatasi. Upana wa A4 ni inchi 8.27, kwa hiyo 720 ÷ 8.27 ni 87. Hiyo 87 ndiyo DPI yake ya kweli. Picha ya kushika mkononi inataka 300, maana yake A4 nzima ni pikseli 2480 kwa 3508. Ya mzee ingetoka safi kwa upana wa sentimita 6 tu.

Bango la barabarani linatazamwa kwa mbali, 100 inatosha kabisa. Msitese kompyuta kwa 300 kwenye bango la mita 3.

Hatua ya 3: Kwenye Photoshop, fungua Image Size na utoe tiki kwenye Resample. Pikseli zinabaki zilezile, kinachobadilika ni ukubwa wa karatasi. Ukiacha tiki na kupandisha namba, programu inabuni pikseli za kujazia, na ngozi ya mtu inakuwa kama nta.

Hatua ya 4: Pikseli zisipotosha, tafuta picha ya karatasi. Kwenye albamu ya mama yao ilikuwepo ya inchi 4 kwa 6. Nikaiskani kwa 600, nikapata 2400 kwa 3600. Hata kovu dogo juu ya nyusi lilionekana, na binti yake akaligusa kwa kidole.

MASWALI

Mkuu, wateja wangu wote wanatuma kwa WhatsApp. Nifanyeje?
– Waambie watume kama dokumenti, kutoka simu iliyopiga picha. Ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa.

Pasipoti saizi je?
– Milimita 35 kwa 45, kwa 300 ni pikseli 413 kwa 531.

Nikinunua mausi ya DPI 16000, picha zitatoka safi zaidi?
– Hapana ndugu yangu. DPI ya mausi ni mwendo wa kishale tu. Kwa 800, kasi ya Windows ikiwa ya katikati, ukisogeza mkono sentimita 6 unavuka skrini ya pikseli 1920. Kwa kukata picha 800 hiyohiyo ni nzuri, mkono unatulia.

Kwa nini hukuskani kwa 1200 kabisa?
– Picha ya studio ikishatoa ilichonacho, kinachoongezeka ni uzito wa faili na vinyweleo vya karatasi.