Mbeya hadi Kasumulu na kurudi kwa magari ya abiria

Kasumulu iko wilayani Kyela, pale mto Songwe unapoitenganisha Tanzania na Malawi. Kutoka Mbeya ni kama kilomita 110, lami mwanzo mwisho, na gari likienda vizuri ni saa mbili na nusu hadi tatu. Wengi wanaokwama njia hii hukwama kwa mambo mawili: wamepanda gari la Kyela wakidhani ni la mpakani, au wamesahau kwamba ng'ambo ya daraja saa ni nyingine.

1. Kamilisha karatasi ukiwa Mbeya. Mtanzania haombi viza ya Malawi, ila lazima awe na pasipoti au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Unaweza kupita bila kuulizwa, lakini ukiulizwa huna, mazungumzo yatakuwa marefu.

2. Anzia stendi ya Nane Nane, asubuhi. Magari ya Tukuyu, Kyela na Kasumulu yanapakia huko, si stendi kuu ya mjini. Yapo ya aina mbili: Kosta na Hiace zinazokwenda Kasumulu moja kwa moja, na zinazoishia Kyela mjini. Wapiga debe watakuambia zote "zinafika boda". Usimuulize mpiga debe. Soma ubao wa mbele ya gari, kisha waulize abiria waliokwishakaa wanashukia wapi. Wakijibu Kyela, jua utashushwa njia panda na kumalizia kwa bodaboda au bajaji, kwa hela nyingine. Si balaa, mradi ulijua mapema na hukutozwa nauli ya hadi mpakani.

Kuna pia anayeuza tiketi ya "Mbeya–Lilongwe" mkononi, hapo hapo stendi. Achana naye. Mabasi yanayokwenda Lilongwe hutokea Dar es Salaam na hupita tu Mbeya. Tiketi yake inakatwa ofisini kwa kampuni yenyewe, na huwa ya mtandao. Aliyeinunua mkononi hufika mpakani akaambiwa gari la mbele alipie upya.

3. Njiani. Ukitoka Uyole gari linapanda hadi Isyonje, kwenye baridi na ukungu, kisha linateremka Kiwira, Tukuyu na kuendelea hadi bonde la Kyela. Toka mita zaidi ya 2,000 mpaka karibu na usawa wa Ziwa Nyasa, ambao ni kama mita 470. Kona ni nyingi. Anayetapika kwenye gari akae mbele na asile sana kabla ya Tukuyu. Vaa sweta utakayoivua, maana Kyela ni joto na mbu. Machi hadi Mei mvua huku si ya mchezo, jiongezee saa moja.

Konda anaweza kuwafaulisha Tukuyu, yaani kuwahamishia gari lingine, gari likibaki na abiria wachache. Ukifaulishwa, usilipe tena: hakikisha konda wa kwanza amemkabidhi wa pili nauli yako mbele yako, na mzigo wako umehama.

4. Kuvuka. Stendi ya Kasumulu haiko mbali na ofisi za Uhamiaji, tembea. Bodaboda hana ubaya, ila wengine hukupitisha moja kwa moja hadi darajani, ukashtuka huna muhuri wa kutoka. Gonga muhuri Tanzania, vuka daraja, gonga wa kuingia Malawi, na usome siku ulizoandikiwa kabla hujaondoka dirishani. Kiangazi maji hupungua na utaona watu wakikatiza mtoni. Usiwafuate: bila muhuri, shida itakukuta kwenye vizuizi vya polisi kuelekea Karonga, mji wa upande wa Malawi.

Fedha badilisha kidogo tu, ya nauli na chakula. Wabadilishaji wa barabarani wanapenda kukunja noti katikati ili moja ihesabike mbili, na kikokotoo chao hukibonyeza wenyewe. Piga hesabu kwa simu yako, pokea kwacha uzihesabu zote, ndipo utoe shilingi.

Ng'ambo, magari madogo ya kwenda Karonga huondoka yakijaa. Kiswahili kinakufikisha, na Mnyakyusa wa huku na Mngonde wa Karonga wanasikilizana kwa lugha zao.

5. Kurudi. Malawi iko nyuma kwa saa moja: saa 8 mchana Karonga, Kasumulu ni saa 9. Ukienda unaipata saa hiyo, ukirudi unaipoteza. Ondoka Karonga kabla ya saa 6 mchana ya huko, la sivyo utavuka na kukuta magari ya Mbeya yamekwisha. Yakikwisha, lala Kyela mjini, vyumba ni vingi kuliko mpakani.

Ukibeba mazao, uliza masharti siku hiyo hiyo. Mwaka 2025 Malawi ilizuia bidhaa zetu, mchele na ndizi zikiwemo, na Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao yao. Zuio letu liliondolewa ndani ya siku chache, lakini ndizi zilizokuwa kwenye malori hazikuweza kusubiri.

Anayeunganisha Dar es Salaam asirudi Mbeya kutafuta basi. Yapo yanayoanzia Kyela, na huondoka mapema, kwa hiyo kata tiketi jioni ya kabla yake.