Kuipanga Siku Ukiwa na Baridi Yabisi ya Uti wa Mgongo

Mgongo wa mkulima aliyeshinda shambani hupona akilala. Mgongo wa mwenye baridi yabisi ya uti wa mgongo, ugonjwa ambao madaktari huuita ankilosing spondilaitisi, hufanya kinyume: humwamsha saa tisa au saa kumi usiku, hukakamaa hadi ashindwe kuinama kuvaa viatu, kisha hulegea kadiri anavyotembea na kujishughulisha. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya tofauti hiyo, kwa kuwa ushauri ambao mgonjwa hupewa kila siku na ndugu na majirani, kwamba apumzike na asijichoshe, unaufaa mgongo wa yule mkulima na unamdhuru yeye.

Katika ugonjwa huu kinga ya mwili hushambulia maungio ya mwili wenyewe, hasa pale mifupa ya nyonga inapoungana na sehemu ya chini ya uti wa mgongo, na pale kano zinapojishikiza kwenye mfupa. Uvimbe unaotokana na shambulio hilo ukidumu kwa miaka, mfupa mpya huota na pingili za uti wa mgongo huweza kushikamana. Kwa kawaida dalili huanza kabla ya umri wa miaka 45, mara nyingi katika miaka ya ishirini, na ndiyo sababu kijana anayejikokota asubuhi huitwa mvivu kabla hajaitwa mgonjwa.

Usianze kupanga maisha kwa kubahatisha jina la ugonjwa. Katika nchi zetu kifua kikuu cha uti wa mgongo, pamoja na brusela inayopatikana kwa kunywa maziwa mabichi au kuhudumia mifugo, huleta maumivu yanayoweza kufanana na haya, na yote mawili yana tiba yake tofauti. Kwa hiyo mwenye homa, jasho la usiku au kupungua uzito amweleze daktari mapema. Kipimo cha damu cha HLA-B27, jeni ya kurithi inayohusishwa na ugonjwa huu, ambacho vitabu vya Ulaya hukitegemea sana, nacho kinahitaji tahadhari: jeni hiyo ni adimu miongoni mwa Waafrika, na wagonjwa wengi wa kwetu hawana. Jibu la kwamba huna halitoshi kuufuta ugonjwa. Hata picha ya eksirei huweza kuonekana safi kwa miaka kadhaa, ilhali kipimo cha MRI, yaani picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku, huonyesha uvimbe mapema zaidi.

Saa ya kwanza ya siku ndiyo yenye uzito kuliko zote, na inafaa ipangwe kama mtu anavyopanga safari. Kabla ya kushuka kitandani lala chali, kunja magoti, yaangushe yote mawili polepole upande wa kulia, kisha wa kushoto, mara kumi hivi. Vuta goti moja kifuani, halafu jingine. Usiinuke moja kwa moja kwa kukaza tumbo. Geuka ubavu, teremsha miguu, ujisukume kwa mkono. Kisha chukua ndoo ya maji ya moto yasiyounguza, ukae kwenye kigoda, ujimwagie kwa kopo kiunoni na mabegani bila haraka. Anayepaswa kupanda daladala saa kumi na mbili atalazimika kuamka mapema kuliko wenzake, na ni afadhali familia ijue sababu. Mwislamu ambaye sijida ya alfajiri inamshinda ana ruhusa ya kusali ameketi. Huenda ikifika adhuhuri mgongo huohuo ukamruhusu kusujudu, na watu wa nyumbani wasilione hilo kuwa ni kujifanya.

Mazoezi ni sehemu ya tiba yenyewe, kila siku, hata siku ambazo huna maumivu. Simama umeegemea ukuta, visigino na makalio vikiugusa, ujaribu kuugusa kwa kisogo huku ukitazama mbele bila kuinua kidevu. Pengo likibaki, lipime kwa vidole na uliandike kila mwezi. Lala kifudifudi dakika tano kwa siku, uongeze taratibu hadi kufikia dakika 15 au 20, kwa kuwa mkao huo hupingana na kujikunja mbele ambako ugonjwa huu hukuvutia. Mbavu nazo hukakamaa. Zungusha utepe wa fundi cherehani kifuani, chini kidogo ya usawa wa chuchu, utoe pumzi yote, usome, kisha uvute pumzi hadi mwisho na usome tena: tofauti ikiwa chini ya sentimita 2.5, mwambie daktari. Mkazi wa pwani ana bahari, na kuogelea kunafaa mno. Asiye nayo atembee kwa mwendo wa haraka. Mtaalamu wa fiziotherapia akipatikana hata mara moja au mbili, akusahihishe mikao. Ukivuta sigara, acha, kwa maana uvutaji huambatana na mgongo kuharibika kwa kasi zaidi.

Usiku, godoro la sponji lililobonyea katikati libadilishwe au liwekwe juu ya mbao, na mto uwe mmoja, mwembamba. Kanga iliyokunjwa mara nne huwatosha wengine. Nyumbani, ufagio upewe mpini mrefu, beseni la kufulia lipandishwe juu ya stuli, na jiko liinuliwe. Kazini, inuka kila baada ya nusu saa.

Kuna mambo ya kukataa waziwazi, na hapa heshima isikuponze. Mwambie kinyozi, kabla hajaanza, asikuvute wala kukunyonga shingo baada ya kukunyoa. Usikubali mtoto akukanyage mgongoni, wala mkandaji akuvunje kiuno mpaka kilie. Pingili zilizoshikamana huvunjika kama mfupa mrefu mkavu, na mifupa ya ugonjwa huu mara nyingi ni dhaifu kuliko ionekanavyo. Ukianguka, hata kwa kuteleza bafuni au kwa bodaboda kuruka tuta, na maumivu mapya yakatokea, hesabu kwamba umevunjika mpaka hospitali ikuthibitishie vinginevyo. Ukipelekwa kwenye upasuaji wowote, mweleze mtaalamu wa usingizi hali ya shingo yako.

Dawa za kwanza ni zile za kupunguza uvimbe, kama ibuprofeni na diklofenaki. Humezwa baada ya kula, wala hazichanganywi mbili za aina hiyo kwa pamoja. Mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au matatizo ya figo asizianze bila daktari. Ogopa zaidi vile vidonge visivyo na jina vinavyofungwa kwenye karatasi na kusifiwa kwamba humaliza maumivu usiku mmoja, kwani vingine huwa na deksamethasoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa na huwa hatari kuiacha ghafla. Dawa hizo za kwanza zikishindwa, zipo sindano zinazozuia TNF, kemikali ya mwilini inayochochea uvimbe. Ni ghali, na ni lazima upimwe kwanza kifua kikuu, hata kile kilicholala bila dalili, kwa sababu sindano hizo huweza kukiamsha.

Jicho moja likiwa jekundu, likauma na kukataa mwanga, usinunue matone dukani. Fika kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, kwani uvimbe wa ndani ya jicho huwapata wengi wenye ugonjwa huu na ukicheleweshwa huweza kupunguza uwezo wa kuona.

Yapo mengine ambayo hayaonekani kwenye picha yoyote: uchovu usioishia usingizini, huzuni, na faragha ya ndoa inayoingiwa na hofu ya maumivu. Watafiti wametunga dodoso la ubora wa maisha kwa wagonjwa hawa, lenye maswali 18 ya ndiyo au hapana, na mengi yanahusu mambo ya namna hiyohiyo. Kwa mume au mke, sema wazi saa ambazo mwili umelegea, kwa kuwa mwenzako asipoambiwa huenda akadhani unamkwepa.

Mwisho, andaa daftari. Mwaka 1994 wataalamu wa mji wa Bath, Uingereza, walitoa kipimo cha maswali sita kinachojibiwa kwa alama 0 hadi 10: uchovu; maumivu ya shingo, mgongo au nyonga; maumivu au uvimbe wa viungo vingine; sehemu zinazouma zikiguswa; ukali wa mkakamao wa asubuhi; na muda ambao mkakamao huo hudumu, ambapo saa mbili au zaidi ni alama 10. Tafuta wastani wa majibu mawili ya mwisho, ujumlishe na manne ya mwanzo, ugawe kwa tano. Ukipata 4 au zaidi, ugonjwa uko kazini. Andika mara moja kwa wiki, asubuhi. Kliniki nyingi zitakuona saa sita mchana, baada ya foleni ndefu, ukiwa umesimama na kutembea mpaka umelegea, na daktari ataona mtu anayeinama vizuri. Mfungulie ukurasa wa saa kumi na moja alfajiri.